Nguruwe na Sisi Tusiomla

Katika mji wa Eden Prairie, kusini-magharibi mwa Minneapolis, kuna maabara ambayo kazi yake ni kuosha maini na figo za nguruwe. Neno "kuosha" sikulitumia kwa mafumbo. Kiungo kilichotolewa kwa mnyama hupitishiwa, kwa njia ya mishipa yake yenyewe ya damu, dawa za namna ya sabuni zinazoziondoa seli za nguruwe, hadi kinachosalia ni umbo tupu la kolajeni, jeupe, lenye kila kijia ambacho damu ilipita. Kisha umbo hilo hupandwa seli za binadamu, zilizopatikana katika viungo vya wafadhili ambavyo havikutumika kupandikizwa. Kampuni yenyewe, Miromatrix, ilianzishwa mwaka 2009 kutokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Desemba 2023 ilinunuliwa na United Therapeutics, ambayo kampuni yake tanzu nyingine, Revivicor, ndiyo iliyomzalisha nguruwe ambaye moyo wake ulipandikizwa katika kifua cha binadamu mjini Baltimore Januari 2022.

Katika Eden Prairie hiyo hiyo wanaishi Wasomali wengi, na miongoni mwao wapo waliopitia Dadaab na Kakuma, au waliokulia Nairobi na Mombasa, ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili au ya tatu. Ukizunguka miji ya jirani utawakuta Wakenya, wengi wao wenye asili ya Kisii, na kati yao Wasabato si haba. Msomali hamli nguruwe kwa sababu ya Kurani. Msabato hamli kwa sababu ya Kitabu cha Mambo ya Walawi. Imani ni mbili, lakini katika jambo hili sahani zao zinafanana. Na mmoja wao akiugua figo au ini katika miaka ijayo, huenda tiba atakayoelezwa na daktari ikawa imeanzia katika banda la nguruwe.

Swali ninalotaka kulijadili si lile ambalo ndugu zetu hao wamezoea kuliuliza, yaani kama tiba hiyo inajuzu. Swali langu linatangulia hilo: je, mtu asiyemla nguruwe anadaiwa chochote na nguruwe? Jibu letu la haraka ni kwamba hadaiwi. Hatumli, hatumfugi, hatumgusi. Tumekwisha kujitoa kimasomaso. Wenye kumla ndio wajiulize anavyoishi na anavyokufa. Naliona jibu hili kuwa jepesi mno, na wepesi wake unatokana na kuchanganya mambo mawili ambayo hata dini zenyewe hazikuyachanganya.

Tazama jinsi tunavyomzungumza. Kwa Kiswahili cha mitaani huko Tanzania nyama yake ina majina ya kujifichia: kitimoto, mbuzi katoliki. Jina lenyewe la mnyama limebaki kuwa tusi. Mwalimu akilitamka darasani katika mfano wa sarufi, wanafunzi hucheka au huinamisha macho. Tunapogombana juu yake, ugomvi ni wetu sisi kwa sisi. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa jijini Dar es Salaam, na nchi nzima ikajadili uvumilivu wa dini, mipaka ya dola na heshima ya jirani. Mwaka 2007 baadhi ya makeshia Waislamu katika maduka ya Target huko Minneapolis walikataa kupitisha bidhaa za nguruwe kwenye mashine zao. Kampuni ikawahamishia kazi nyingine, na magazeti yakajadili haki za mfanyakazi na za mteja. Mijadala hiyo yote ilikuwa na maana. Lakini katika yote hiyo nguruwe mwenyewe hakuwepo. Kilichokuwepo ni nyama, pakiti na doa. Hakuna aliyeuliza nguruwe yule aliishi vipi kabla ya kuwa pakiti, kwa sababu swali letu lilikuwa moja tu: atatufanya nini sisi?

Ajabu ni kwamba sarufi yetu ina adabu kutuzidi. Kiswahili hakimruhusu msemaji kusema "nguruwe hii imelala". Ni lazima aseme "nguruwe huyu amelala", kwa upatanisho ule ule tunaoutumia kwa mtoto, kwa mgeni na kwa malaika. Anayetaka kumfanya kitu hana budi kumuua kwanza, ndipo aseme "nyama hii", au ampe jina la kitu, kama walivyofanya wenye kitimoto. Hata kitenzi "kufuga" hakina maana ya kutengeneza bidhaa. Mtu hufuga ng'ombe, hufuga njiwa, hufuga ndevu, na pote mnasikika kukaa na kitu huku ukikitunza kikikua chenyewe. Sidai kwamba sarufi inathibitisha maadili. Ninachosema ni kwamba anayefikiri kwa Kiswahili tayari amekwisha kukiri, kila anapofungua kinywa, kwamba huyu ni mmoja wa viumbe wenye uhai wao.

Basi uhai wake ukoje? Wanaoujua vizuri kuliko wote ni watu ambao sisi hatuwasomi. Minnesota ni miongoni mwa majimbo yanayoongoza Marekani kwa nguruwe, na kila Septemba madaktari wa mifugo na wafugaji hukutana Saint Paul katika mkutano uliopewa jina la Allen D. Leman, uliojengeka kwa kazi ya kitivo cha tiba ya mifugo cha chuo kikuu cha jimbo. Chuo hicho kimekuwa kikimchunguza nguruwe kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1930 na 1940 kilizalisha aina mpya iliyoitwa Minnesota Nambari 1, kwa kuchanganya Landrace wa Denmark na Tamworth wa Uingereza. Mwaka 1949 Taasisi ya Hormel, katika mji wa Austin kusini mwa jimbo, ilianza kuzalisha nguruwe wadogo mahsusi kwa ajili ya utafiti wa tiba ya binadamu. Maabara ya Eden Prairie, kwa hiyo, haikuzuka tu. Nyuma yake kuna takriban karne nzima ya kumuuliza nguruwe maswali.

Maswali mengi kati ya hayo yamekuwa ya ulishaji na uzazi, na lengo lake limekuwa wazi: nyama zaidi kwa chakula kidogo zaidi, na watoto zaidi kwa kila jike. Sina haja ya kuyadharau. Ni maswali yale yale anayouliza mfugaji wa Mbozi au wa Masaka anapopima pumba na mashudu. Lakini majibu yake yamezaa tatizo ambalo naliona kuwa zito kimaadili kuliko mengine yote katika ufugaji wa leo, nalo ni njaa.

Nguruwe wa kisasa amechaguliwa, kizazi baada ya kizazi, ale kwa pupa na akue haraka. Kwa takriban miezi sita tu huwa na uzito wa kupelekwa machinjioni. Mama yake naye ana damu hiyo hiyo, na kwa hiyo ana hamu hiyo hiyo. Lakini mama hatakiwi kunenepa. Akinenepa miguu yake hudhoofu, kuzaa kwake huwa kwa shida, na anaponyonyesha hali vya kutosha. Kwa sababu hiyo katika muda wote wa mimba, siku 114 hivi ambazo wafugaji huzikumbuka kama miezi 3, wiki 3 na siku 3, hupewa takriban kilo 2 au 2 na nusu za chakula kikavu kwa siku. Mwili wake unapata kila kirutubisho unachohitaji. Ila kiasi hicho ni karibu nusu tu ya ambacho angekula kama angeachiwa, naye hukimaliza kwa dakika chache. Saa zote zinazobaki hana la kufanya. Huuma vyuma vya kizimba, hutafuna kinywa kitupu, husugua pua mahali pale pale maelfu ya mara. Watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba vitendo hivi hufuatana na njaa, na kwamba hupungua jike anapopewa chakula chenye makapi mengi: majani makavu, maganda ya soya, au makapi ya viazi vya sukari, zao ambalo Minnesota inaongoza Marekani nzima kulilima. Dawa ipo, basi, tena mashambani mwao wenyewe.

Tafakari muundo wa jambo hili. Tumemuumba kiumbe mwenye shauku kubwa kuliko riziki tuliyokusudia kumpa. Njaa yake haikuletwa na ukame wala umaskini. Imepangwa, imepimwa kwa gramu, na mpangaji anajua. Katika mapokeo yetu ya maadili tuna maneno mengi ya kumlaumu mwenye kumnyima mwenye njaa. Sijui neno la kumlaumu mwenye kuitengeneza njaa yenyewe kabla mwenye kuionja hajazaliwa.

Kizimba ni suala la pili, na ndilo linalojulikana zaidi. Kizimba cha mimba huwa na upana wa takriban sentimita 60 na urefu wa mita 2. Jike aweza kusimama na kulala, hawezi kugeuka. Uingereza ilikipiga marufuku mwaka 1999. Umoja wa Ulaya, kuanzia Januari 2013, unakiruhusu kwa wiki chache tu za mwanzo wa mimba. Juu ya ubaya wake sina mengi ya kuongeza. Kizimba cha kuzalia ndicho kinachonishughulisha, kwa sababu hapo jibu si rahisi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, karibu na Edinburgh, Alex Stolba na David Wood-Gush waliwachukua nguruwe wa kawaida wa kufugwa na kuwaweka katika uwanja wenye miti, vichaka na kijito, kisha wakaanza kuandika walichokiona. Wanyama hao, ambao mababu zao walikuwa wamefugwa kwa maelfu ya miaka, waliishi kama nguruwe wa mwituni. Jike aliyekaribia kuzaa aliliacha kundi, akatembea mbali kutafuta mahali, akachimba shimo dogo na kulitandika majani na matawi. Hamu hii ya kujenga kiota haifutwi na kizimba. Katika saa za mwisho kabla ya kuzaa, jike aliyefungiwa juu ya sakafu ya chuma au saruji huparapara kwa miguu na kusukuma kwa pua majani ambayo hayapo.

Lakini kizimba hicho hakikubuniwa na mkatili. Kilibuniwa kwa sababu mama mwenye kilo 200 na ushei humlalia mtoto mwenye kilo moja na nusu, na mtoto hufa. Katika kituo cha utafiti cha Chuo Kikuu cha Minnesota kilichoko Morris, magharibi mwa jimbo, watafiti wamekuwa wakijaribu kwa miaka mingi mabanda yenye majani mengi ambamo majike huishi pamoja na kujitembelea, na tatizo la watoto kulaliwa ni miongoni mwa yale wanayopambana nayo. Uhuru wa mama na uhai wa mtoto hapa vinapingana kweli kweli. Mtu anayelijadili suala hili kana kwamba upande mmoja una huruma na mwingine una tamaa hajasogea karibu na banda. Hata hivyo, mgongano wenyewe tumeukuza sisi. Jike wa leo, ambaye chuchu zake ni kama 14, huzaa mara nyingi watoto wengi kuliko chuchu hizo, kwa sababu idadi ya watoto ndiyo iliyochaguliwa na wazalishaji kwa miongo kadhaa. Watoto wengi zaidi ni watoto wadogo na dhaifu zaidi, na zaidi ya mmoja katika kila kumi hufa kabla ya kuachishwa kunyonya. Tunampa mtafiti wa ustawi kazi ya kutatua kile ambacho mtafiti wa uzazi alishangiliwa kwa kukileta, na mara nyingine wawili hao wana ofisi katika jengo moja.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa namna ulivyouliza. Mwaka 1994 Matthews na Ladewig walichapisha matokeo ya majaribio ambamo nguruwe alipaswa kubonyeza kibao kwa pua ili apate chakula, au amwone mwenzake, au afunguliwe mlango tu. Kisha bei ikapandishwa: abonyeze mara nyingi zaidi kwa kila zawadi. Hamu ya mlango ilianguka upesi, hamu ya mwenzake ilipungua, ya chakula haikutikisika sana. Mtu aweza kucheka kwamba ilihitajika sayansi kujua kwamba nguruwe anapenda kula. Ninachokiona mimi ni kwamba watu walikaa chini wakatafuta namna ya kumuuliza mnyama anataka nini, wakamwekea swali ambalo angeweza kulijibu. Katika mabishano yetu yote ya mabucha na mashine za keshia, hatua hiyo hatujawahi kuipiga.

Tuje kwenye dini, maana huko ndiko asiyemla nguruwe hudhani amepewa ruhusa ya kumsahau. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waswahili wa pwani na Wasomali, nguruwe ni najisi nzito. Lakini hayuko peke yake katika daraja hilo: mbwa yupo naye. Aliyeguswa na majimaji ya mmoja kati yao huosha mara saba, moja kwa udongo. Hukumu ya wawili hao ni moja, na nguruwe ameingizwa humo kwa kulinganishwa na mbwa. Sasa, kila mtoto wa chuoni anaijua habari ya mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatuni mwake, akamnywesha, na kwa hilo akasamehewa. Alipoulizwa kama kuna thawabu kwa wanyama, Mtume aliieneza thawabu hiyo kwa kila chenye uhai. Mnyama aliyetajwa katika kisa hicho si kondoo wala ngamia. Ni najisi. Unajisi ulimpasa mtu yule aoshe kiatu chake, haukumzuia kukijaza maji. Ikiwa mbwa na nguruwe wamelinganishwa katika kuosha, sioni kwa hoja gani watenganishwe katika kunyweshwa.

Yupo atakayekumbusha kwamba Nabii Isa, atakaporejea, amesimuliwa kuwa atamuua nguruwe. Ndiyo, lakini kuua ni jambo moja na kutesa ni jingine. Mafundisho yanayoagiza wema katika kila kitu yameutaja uuaji wenyewe, na kumtaka mchinjaji anoe kisu chake. Hukumu ya kuua haikuwa kamwe ruhusa ya kuadhibu kwa njaa.

Wakristo wana mzigo wao. Injili ya Marko inasimulia nguruwe wapatao 2,000 walioingiwa na pepo wakaporomokea baharini. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, alikitumia kisa hicho kuwajibu Wamani waliokataza kuua wanyama: kwamba Kristo mwenyewe alionyesha kuwa sisi na wanyama hatuna ushirika wa haki. Hoja hiyo imeishi muda mrefu. Mimi naiona dhaifu, kwa kuwa inajenga kanuni ya kila siku juu ya muujiza mmoja, na kwa kuwa inaruka kutoka "aliwaacha wafe" hadi "hatudaiwi nao lolote". Msabato anayekataa nyama hiyo kwa kutii Walawi hana sababu ya kumfuata Augustino hadi huko.

Baada ya hapo turudi maabarani. Mjadala wa tiba miongoni mwa Waislamu umejengwa juu ya nguzo mbili. Moja ni istihala, yaani kugeuka kwa kitu kikawa kingine, kama mvinyo unavyogeuka siki. Wahanafi huipanua, Washafii huibana sana, hata ngozi ya nguruwe kwao haitoharishwi kwa kudabighiwa. Nyingine ni dharura. Kwa nguzo hizi mgonjwa hupokea heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, ambayo hutengenezwa kwa utando wa matumbo ya nguruwe na hutumika kila siku katika vituo vya kusafisha damu. Kwa nguzo hizi hupokea vali ya moyo. Katika timu ya Baltimore iliyoupandikiza moyo wa nguruwe, aliyeongoza utafiti alikuwa Muhammad Mohiuddin, Mwislamu mzaliwa wa Karachi. Sina ugomvi na fatwa hizi. Mgonjwa anayezitegemea ana haki ya kulala usingizi.

Ila wanazuoni hao hao wana kanuni kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Anayekufa kwa njaa hula mzoga kiasi cha kumrudishia uhai, hafanyi karamu. Kanuni hii tumezoea kuielekeza kwa mlaji: asizidishe. Nini kinatuzuia kuielekeza kwa namna kitu kinavyopatikana? Figo langu likiharibika, dharura yangu ni figo. Haijumuishi kizimba cha sentimita 60, wala njaa ya siku 114, ikiwa kiungo kile kile chaweza kupatikana bila hayo. Mtu anayesema "nimelazimika" ana wajibu wa kuuliza amelazimikia nini hasa, na hawezi kuuliza hivyo bila kujua mnyama anavyoishi. Zaidi ya hayo, hapa hoja ya "hatumli" inaanguka yenyewe. Kwa heparini tu, wengi wetu tusiokula nguruwe tumekwisha kunufaika na mwili wake, na pengine kwa ukaribu zaidi kuliko mlaji: mlaji humweka tumboni, sisi tunamweka mshipani.

Msomaji wa Nairobi au Dodoma ataniambia kwamba haya ni mazungumzo ya walioshiba. Nayachukua maneno hayo kwa uzito, kwa sababu nguruwe wa Afrika Mashariki ana hadithi nyingine. Katika kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti waliwavalisha nguruwe wa kuzurura vifaa vya kufuatilia mwendo. Walikuta kwamba kwa saa 12 nguruwe mmoja hutembea kwa wastani zaidi ya kilomita 4, na kwamba sehemu kubwa ya muda wake huitumia nje ya boma la mwenyewe. Kwa kipimo cha kizimba cha Minnesota, huyo ni mfalme. Lakini anatembea kwa sababu hana chakula, na anachookota ni pamoja na kinyesi cha watu. Hivyo ndivyo minyoo ya tegu inavyozunguka kati yake na binadamu, na mwisho wake ni kifafa cha mtoto wa jirani, ambaye huenda hajawahi kuonja nyama hiyo. Akikutana na nguruwe wagonjwa njiani, huirudisha nyumbani homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza na Montgomery mwaka 1921, kutokana na vifo vya nguruwe wa walowezi Kenya. Mwanamke anayemfuga nguruwe mmoja ili apate karo hupoteza karo yote kwa siku tatu.

Kwa hiyo kuzurura si ustawi, na ustawi si anasa. Nchini Uganda, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo na wenzake wamefanya kazi na wafugaji wa Masaka na Kamuli kusindika majani na mashina ya viazi vitamu, yaliyokuwa yakioza shambani, yawe akiba ya chakula cha nguruwe wakati wa kiangazi. Mnyama anashiba, mwenye mnyama anashiba. Tofauti kati ya Busia na Minnesota, kwa macho yangu, ni hii: nguruwe wa Busia ana njaa kwa sababu mwenyewe ana njaa, na njaa hizo mbili huponywa pamoja, jike wa Minnesota ana njaa kwa hesabu, katika nyumba yenye ghala lililojaa. Ya kwanza ni msiba wa pamoja. Ya pili ni uamuzi.

Na uamuzi waweza kubadilishwa na watu wasiokuwa walaji. Novemba 2018 wapiga kura wa California walipitisha sheria inayokataza kuuza jimboni humo nyama ya nguruwe ambaye mama yake alifungwa asiweze kugeuka. Wafugaji wa majimbo mengine walishtaki, na Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiacha sheria isimame. Kinachonivutia ni karatasi ya kura. Haikuuliza kama mpiga kura hula nguruwe. Mwislamu wa Fresno, Myahudi wa Los Angeles na Msabato wa Loma Linda waliulizwa sawa na mwingine yeyote, kama raia, na sauti zao zilihesabiwa. Minnesota haina sheria ya namna hiyo. Ina, hata hivyo, wapiga kura wengi kutoka Afrika Mashariki, na wabunge wenye asili hiyo.

Jimbo hilo liliuona upande wa pili wa jambo hili Aprili 2020, kiwanda cha nguruwe cha JBS huko Worthington kilipofungwa kwa sababu ya korona. Wafanyakazi, wengi wao wahamiaji, walikuwa wakiugua. Nguruwe walizidi kukua katika mabanda yaliyopimwa kwa wiki, bila nafasi ya wiki moja zaidi, na maelfu waliuawa na kutupwa. Hakuna aliyewala. Kama deni kwa mnyama lingekuwa la mlaji pekee, nguruwe wale hawakuwa na wa kumdai.

Limebaki jambo la kazi. Watoto wa Kisomali na wa Kikisii waliozaliwa Minnesota wanaingia vyuo vya tiba, na baadhi yao wangeweza kuingia tiba ya mifugo pale Saint Paul. Atakayeingia hataliepuka banda la nguruwe; mafunzo yanalipitia. Wazazi wengine watauliza mikono ile itasalije. Mafakihi wa Shafii walilijibu zamani, kwa wawindaji na wachungaji waliokuwa wakishika mbwa: kikavu kikigusa kikavu hakuna najisi, na kilicholowa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Glavu na viatu vya mpira hutolewa mlangoni.